Kabla ya Rangi, Karatasi: Changamoto za Anayeanza Kununua, Kukarabati na Kuuza Nyumba

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo ya ofisa wa mawasiliano wa kaunti na wanachama wa vikundi vya akiba mjini Kisii. Tumeyachapisha kwa sababu maswali yaliyozungumziwa huulizwa pia Nyamira, Keroka, Ogembo na kwingineko.



Nimeombwa nizungumzie biashara ambayo siku hizi inatajwa sana katika vikundi vyenu: kununua nyumba iliyochakaa, kuikarabati na kuiuza kwa faida. Sikuja kuwavunja moyo, wala sina nyumba ya kuwauzia. Mimi si wakili wala mthamini wa majengo. Nilisomea uanahabari, na kazi yangu katika serikali ya kaunti ni kuwauliza maofisa maswali na kuwaletea wananchi majibu kwa lugha inayoeleweka. Kwa hiyo nitakayoyasema hayachukui nafasi ya wakili wako. Yatakusaidia kujua umuulize nini.

Anayeanza biashara hii hudhani kwamba kazi kubwa ni ya fundi. Huwaza rangi, mabati mapya, vigae na madirisha. Hapa Gusii kazi kubwa iko kwenye karatasi, na adui mkubwa ni muda. Faida hupatikana au hupotea kabla fundi hajafungua mkebe wa kwanza wa rangi. Mkishika hilo moja leo, mkutano huu utakuwa umefaa.

Ardhi yetu na watu wetu

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Kisii ilikuwa na watu zaidi ya 950 kwa kila kilomita moja ya mraba, na Nyamira zaidi ya 670. Ardhi ni finyu, na sehemu kubwa ni ya urithi. Babu aliwagawia wanawe kwa mdomo, wana wakawagawia wajukuu, kila mmoja akajenga upande wake. Lakini ukienda kwenye sajili ya ardhi, mara nyingi utakuta bado kuna hati moja tu, yenye jina la babu aliyezikwa zamani.

Kijijini nyumba ni boma kwanza, bidhaa baadaye. Kuna makaburi, kuna mji wa baba, kuna ndugu wanaopita katikati ya shamba kwenda mtoni. Hata karatasi zikiwa safi, mnunuzi wa pili ni mgumu kupatikana, kwa sababu watu wengi hawataki kulala karibu na kaburi la ukoo usio wao. Na mtu wa kwetu mwenye uwezo, hata ndugu zetu walioko Minnesota, kwa kawaida hupenda kujenga nyumba mpya kwenye ardhi ya baba yake.

Ndiyo maana biashara hii huelekea zaidi mijini: viunga vya mji wa Kisii kama Nyanchwa, Mwembe na Jogoo, maeneo yanayokaliwa na wanafunzi na wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha Kisii na hospitali ya rufaa, mji wa Nyamira, Keroka na vituo vingine vya biashara. Huko wanunuzi wapo. Lakini huko pia ndiko makosa ya anayeanza hugharimu pesa nyingi.

Nani ana haki ya kuuza?

Swali la kwanza haliwezi kuwa bei. Uliza kwanza, "Huyu anayeniuzia ana mamlaka ya kuuza?"

Kama mwenye jina kwenye hati amefariki, mtoto wake hawezi kukuuzia, hata akiwa kitinda mimba aliyeachiwa nyumba ya mama, hata wazee wa ukoo wakitia sahihi. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ardhi ya marehemu haiuzwi kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi. Ombi hupelekwa mahakamani, tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na watu hupewa siku 30 za kuleta pingamizi. Hati ikishatolewa, kwa kawaida hupita miezi 6 kabla ya kuthibitishwa. Ndugu mmoja akipinga, miezi hugeuka miaka. Tena anayejiingiza katika mali ya marehemu bila idhini ya mahakama anatenda kosa la jinai.

Kama mwenye jina yu hai na ana mke au mume, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema mali ya wanandoa haiuzwi bila idhini ya wote wawili. Usikubali kuambiwa, "Mama watoto anajua." Aje mwenyewe, asome, atie sahihi mbele ya wakili.

Mkataba wenyewe uwe wa maandishi. Sheria ya Mikataba inataka mauzo ya ardhi yaandikwe, pande zote zitie sahihi, na sahihi hizo zishuhudiwe. Karatasi ya daftari iliyoandikwa nyumbani kwa mzee wa kijiji inaweza kuonyesha kwamba pesa zilitoka mkononi mwako. Haiwezi kukupa hati ya kumwonyesha mteja wako.

Hati peke yake haitoshi

Wengi huamini kwamba ukiona hatimiliki umemaliza. Fanya upekuzi rasmi kwenye sajili ya ardhi ya Kisii au Nyamira, kulingana na mahali ardhi ilipo. Upekuzi utakuonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, kama imewekwa rehani benki, na kama kuna zuio. Ufanye kabla ya kulipa, na uurudie siku chache kabla ya kumaliza malipo, kwa sababu zuio linaweza kuwekwa katikati.

Halafu rudi nyuma zaidi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kampuni hiyo ilikuwa na hati ya kiwanja karibu na bahari, kiwanja ambacho hapo awali kilikuwa sehemu ya wazi ya umma. Mahakama ilisema hati haiwezi kumkinga mnunuzi ikiwa mwanzo wa hati hiyo haukufuata sheria. Somo hilo linatuhusu hata sisi tulio mbali na bahari. Uliza ardhi ilitoka kwa nani, ikaenda kwa nani, na kwa utaratibu gani, hasa kwa ploti za mjini zilizo karibu na soko, shule, au ardhi iliyokuwa ya baraza la mji la zamani.

Kisha mchukue mpimaji ardhi aliyesajiliwa aende nawe uwanjani na ramani. Angalia vigingi. Kwenye barabara kuu ya Kisii kwenda Keroka na Sotik, duka linaweza kuonekana zuri kumbe nusu yake imekaa kwenye hifadhi ya barabara. Kando ya mto kama Nyakomisaro, nyumba inaweza kuwa ndani ya eneo la kingo ambalo halipaswi kujengwa. Hakuna rangi itakayoifichia mnunuzi alama ya kubomolewa.

Na Keroka mjue jambo moja la ziada. Mji huo uko katika kaunti zote mbili. Kabla ya kulipa ada yoyote, hakikisha ploti iko upande gani, kwa sababu hapo ndipo utakapolipa kodi ya ardhi na kuomba idhini ya ujenzi.

Muda una gharama

Mikataba mingi ya mauzo hutumia malipo ya kwanza ya asilimia 10 na siku 90 za kukamilisha. Anayeanza huzisoma siku hizo 90 kama ahadi. Zichukulie kama matumaini.

Ikiwa ni ardhi ya kilimo, lazima mpate idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, ambayo huongozwa na naibu kamishna wa kaunti au mwakilishi wake. Ombi linapaswa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufanywe. Bila idhini, Sheria ya Kudhibiti Ardhi, Sura ya 302, inasema mauzo hayo ni batili. Unaweza kudai pesa zako kama deni, lakini utamdai mtu ambaye pengine amekwisha kuzitumia. Bodi nyingi hupenda kuona familia ya muuzaji mbele yao. Mke na watoto wakubwa wasipofika, mnaweza kuambiwa mrudi kikao kijacho.

Baada ya hapo kuna cheti cha kuonyesha kwamba kodi ya ardhi ya kaunti imelipwa, uthamini wa serikali, ushuru wa stempu na usajili. Ukikuta muuzaji ana malimbikizo ya miaka mingi, kubalianeni katika mkataba ni nani atakayeyalipa. Muda wote huo nyumba bado si yako kisheria. Huwezi kuuza ulicho njiani kukipata. Wako wanaojaribu kuuza "kwa mkataba" kabla hati haijatoka, mnunuzi wa pili akimlipa wa kwanza. Muuzaji wa mwanzo akigeuka, wote wawili hubaki na karatasi mkononi.

Tupige hesabu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano, tarakimu hizi ni za kufundishia tu.

Umenunua nyumba ndani ya manispaa kwa shilingi 3,000,000. Unatarajia kuiuza kwa shilingi 4,200,000. Kichwani unaona faida ya shilingi 1,200,000. Sasa tuanze kutoa.

Ushuru wa stempu ni asilimia 4 katika manispaa, na asilimia 2 mashambani. Hapa ni shilingi 120,000. Ushuru huo hulipwa na mnunuzi, nao hufuata thamani anayoikubali mthamini wa serikali, si lazima bei mliyopatana. Wakili, upekuzi, mpimaji na uhamisho, tuseme 80,000. Ukarabati, 500,000. Tayari zimetoka 700,000, zimebaki 500,000.

Dalali aliyekuletea mnunuzi, tuseme mmekubaliana asilimia 3 ya bei: 126,000. Zimebaki 374,000.

Pesa ulizitoa wapi? Kama ulikopa 2,000,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, riba pekee ni 25,000 kila mwezi. Ukiuza baada ya miezi 4, riba ni 100,000, nawe unabaki na 274,000. Ukiuza baada ya miezi 12, riba ni 300,000, unabaki na 74,000. Na kama paa lilikuwa limeoza kuliko ulivyodhani, ukarabati ukazidi kwa 100,000, mwaka mzima wa jasho umekuachia hasara ya 26,000. Nyumba ni ileile na bei ni ileile. Kilichokula faida ni muda, na kitu kimoja ambacho hakikukaguliwa.

Kuna pia kodi. Kodi ya faida ya mtaji ilipanda kutoka asilimia 5 hadi asilimia 15 kuanzia Januari 2023, na hulipwa na anayeuza. Iko misamaha: kwa mfano ardhi ya mtu binafsi ambayo thamani ya uhamisho wake haizidi shilingi 3,000,000, na ardhi ya kilimo iliyo chini ya ekari 50 nje ya miji. Msamaha wa nyumba ya kuishi unamtaka mwenye nyumba awe ameishi humo kwa miaka 3 mfululizo kabla ya kuuza, kwa hiyo anayenunua ili auze haraka asiutegemee. Na aliyefanya kununua na kuuza nyumba kuwa biashara yake anaweza kutozwa kodi ya mapato ya biashara badala yake. Nenda ofisi ya KRA mapema, uulize hali yako. Weka risiti zote za saruji, mbao, mafundi na wakili. Gharama za kuiboresha nyumba hupunguza faida inayotozwa kodi, lakini bila risiti utamthibitishia ofisa kwa nini?

Nyumba yenyewe

Sasa tufike kwa fundi. Kwetu mvua ni nyingi. Maeneo yetu mengi hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na nyumba zetu zimekaa kwenye miteremko. Nenda ukaione nyumba wakati wa mvua. Angalia maji ya mteremko yanapita wapi. Tazama ukuta chini, karibu na msingi. Ukiona plasta imevimba, unyevu unapanda. Panda darini uguse mbao za paa. Nyufa nyembamba za plasta ni jambo la kawaida, lakini ufa mpana unaokata tofali kwa mshazari unaweza kuwa ni msingi unaozama. Uliza maji yanatoka wapi, choo kinamwaga wapi, na kama mita ya stima ina deni.

Mafundi walipwe kwa hatua, kazi ikikaguliwa. Vifaa nunua wewe, au mtu wa kikundi mnayemwamini. Usilipe kazi yote mwanzoni kwa sababu fundi ni mtoto wa shangazi.

Kupaka rangi au kubadilisha kitasa ni jambo dogo. Kuongeza vyumba, kupandisha ghorofa, kugawanya ploti, au kugeuza nyumba ya kuishi kuwa maduka kunahitaji idhini ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Njoo na michoro yako katika ofisi ya mipango kabla ya kuchimba msingi. Mnunuzi mwenye mkopo wa benki ataulizwa kuhusu idhini hiyo, na usipokuwa nayo, mauzo yatasimama hapohapo.

Kama umenunua jengo lenye wapangaji, usidhani utawatoa kwa neno. Wenye maduka na hoteli ambao hawana mkataba wa maandishi, au wenye mkataba wa miaka isiyozidi 5, kwa kawaida wanalindwa na Sura ya 301. Notisi ya kuwaondoa inatakiwa iwe kwa fomu maalum na kwa muda usiopungua miezi 2, na mpangaji anaweza kupeleka shauri kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara. Kumfungia mtu mlango au kumng'olea mabati ni kutafuta kesi.

Upande wa pili wa meza

Ninawaomba mkumbuke pia anayeuza. Nyumba inayouzwa kwa bei ya chini sana mara nyingi ina sababu: karo, ugonjwa, deni, au ugomvi wa ndugu. Mjane anaweza kuwa ndani ya nyumba hiyo huku shemeji akipokea arubuni hotelini. Ukimpita mjane huyo leo, kesho utakutana naye katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyopo Kisii na pia Nyamira, akiwa na haki upande wake. Kwa hiyo kuuliza ni nani anaishi humu, na ataenda wapi, ni ubinadamu na ni ulinzi wa pesa zako pia.

Anayetaka kuanza afanye nini? Aanze na nyumba moja, ya mjini, yenye hati kwa jina la mtu aliye hai. Pesa za ununuzi ziwe za akiba kadiri inavyowezekana, na mkopo, ukihitajika, uwe wa ukarabati. Malipo ya kustaafu yote yasiingizwe katika nyumba moja. Mtu wa miaka 60 hana muda wa kuzitafuta tena. Kikundi kikinunua pamoja, kijisajili kwanza, kiandike nani ametoa kiasi gani na nani anaruhusiwa kutia sahihi. Arubuni ikae kwa wakili hadi masharti ya mkataba yatimie, isitiwe mfukoni mwa dalali. Na kabla ya kununua, piga hesabu ya miezi 12, si 4. Kama hesabu hiyo inaleta hasara, iache nyumba hiyo. Itakuja nyingine.

Mjue pia mlango wa kubisha. Sajili ya ardhi na bodi ya kudhibiti ardhi ziko chini ya serikali ya kitaifa. Kodi ya ardhi, mipango ya miji na idhini ya ujenzi ziko chini ya kaunti. Mkija kwetu, njooni na nambari ya ploti, nakala ya upekuzi na kitambulisho. Maofisa wa mipango watawaonyesha ploti hiyo imetengewa matumizi gani na kama ina deni la kodi ya ardhi.

Sasa niko tayari kwa maswali, na mwenye swali la mirathi aanze, kwa maana najua mko wengi.